Kuhusu ile pete uliyoniuliza

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Zawadi,

Salamu kwako na kwa watoto. Juzi uliponiuliza kuhusu pete ninayotumia kupanga uzazi nilikujibu juujuu, maana matatu ilijaa na watu walitega masikio. Leo nimepata nafasi.

Ni pete laini, upana wake sentimita 5 na kidogo. Unaikunja kwa vidole viwili na kuiingiza ukeni mwenyewe. Inatoa estrojeni na projestini kidogo kidogo, homoni za aina ileile iliyo kwenye vidonge vingi, zinapenya ukeni hadi kwenye damu. Yai halitoki, na ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu hazipiti. Unakaa nayo wiki 3, unaitoa wiki 1 upate hedhi, kisha unaweka mpya. Ikichomoka, ioshe kwa maji baridi au vuguvugu uirudishe kabla saa 3 hazijaisha. Mimi wa zamu za usiku, niliyekuwa nikisahau kidonge kila mara, imenifaa sana.

Usiichanganye na pete ya dapivirine. Ile hupunguza hatari ya VVU na haizuii mimba. Hii yangu huzuia mimba, lakini VVU haizuii.

Sasa nije kwako, dada yangu. Tangu juzi nawaza ile siku kwenye Barabara ya Jogoo, ulipofunika macho kwa leso ukasema unaona mistari ya mwanga ikipindapinda, na muda si muda kichwa kikaanza kukupasuka. Kipandauso cha namna hiyo hakipatani kabisa na estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi inapanda. Haifai pia kwa mwenye presha, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala anayenyonyesha mtoto mchanga. Na dawa ya TB iitwayo rifampicin huipunguza nguvu.

Kwa hiyo usiinunue kwa sababu tu mimi naisifu. Kijiti cha mkononi, koili na sindano ya miezi mitatu havina estrojeni. Uliza kuhusu hivyo.

Alhamisi sina zamu. Nitakupitia saa tatu asubuhi twende kliniki pamoja. Mweleze nesi habari ya ile mistari ya mwanga hata asipokuuliza. Mimi sikuulizwa, nilipimwa presha tu.

Wako akupendaye,
Mama Imani