Salamu za Krismasi kutoka Uyole, maua ya Kitulo yakichanua

Ndugu, jamaa na marafiki, nawasalimu kutoka Uyole, Mbeya. Mvua imeanza alfajiri, ukungu umeimeza milima ya Uporoto yote, na mahindi yamefika magotini.

Juzi nilipanda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, Bustani ya Mungu kama tunavyoiita. Msimu ndio huu. Nilichuchumaa mbele ya orkidi moja, ua lake dogo kuliko ukucha wangu, tone la maji limening'inia kwenye mdomo wake na mdudu mweusi akihangaika ndani. Nikakaa pale mpaka magoti yakaloa.

Nilikuwa namkumbuka James Lovelock, mwanasayansi wa Uingereza. Yeye na Lynn Margulis wa Marekani, katika miaka ya 1970, walieleza kwamba viumbe, hewa, maji na miamba ya Dunia hurekebishana, kama mwili unavyotunza joto lake. Wengi walipinga: nani anaipa mimea amri? Mwaka 1983 Lovelock na Andrew Watson wakajibu kwa maua. Walibuni kwa hesabu dunia yenye maua meusi na meupe tu, na jua linalozidi kuwa kali. Baridi ikiwapo, meusi hufyonza joto, hustawi na kuipasha dunia. Joto likizidi, meupe hutanda, hurudisha mwanga angani, na dunia hupoa. Hakuna ua linalojua linafanya kazi hiyo. Kila moja linaishi tu, na hali ya hewa inashika mizani, ingawa jua likipita kiasi maua yote hufa na mizani huvunjika.

Mimi ni Mkristo, na jambo hili halinipunguzii imani hata chembe. Linanifanya nimshukuru Muumba kwa sauti kubwa zaidi.

Kilichoniuma ni mashimo. Njiani kurudi, nje ya hifadhi, niliona udongo umefukuliwa, majani ya orkidi yametupwa pembeni yakiwa bado mabichi. Viazi vyake vya chini ya ardhi huchimbwa na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Najua anayechimba ana ada ya kulipa Januari, simlaani. Ila ua likishang'olewa na kiazi chake, mwakani halichipui.

Mnaopanda mabasi kuja nyumbani, mje salama, na masweta msisahau. Viazi mviringo vipo, chai ya Rungwe iko jikoni. Mvua ikikatika, tutapanda wote Kitulo nikawaonyeshe lile ua.

Krismasi njema.