Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya hakimiliki: miaka 50 ibaki, orodha itoke

Mheshimiwa Waziri,

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Maana yake, tangu Januari 1, 2013, mtu yeyote Tanzania Bara anaruhusiwa kuchapa maandishi aliyoyatoa Shaaban Robert bila kuomba kibali wala kulipa. Ya mshairi Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, yamekuwa huru tangu Januari 1, 2020. Wizara haijawahi kututangazia Januari yoyote kwamba fulani sasa ni mali ya umma, na mchapaji asiyejua huona heri akatae kazi kuliko kushtakiwa.

Hata anayejua mwaka wa kifo hajamaliza. Kitabu kimoja kina haki kadhaa, na kila moja ina saa yake. Shairi likiwa huru, picha za mchoraji aliyefariki 1995 zimefungwa hadi mwisho wa 2045. Utangulizi na maelezo ya mhariri aliye hai havijaanza hata kuhesabiwa. Tafsiri nayo inafuata uhai wa mfasiri. Ndiyo maana tunashauri skani itoke kwenye toleo la zamani, ikiwa na maneno ya mwandishi peke yake. Wengi huchukua toleo jipya kwa sababu ndilo lililopo dukani, na hapo ndipo wanaponasa.

Ukienda mtandaoni hesabu inabadilika. Uingereza hutumia miaka 70, hivyo kitabu cha Shaaban Robert kilichochapwa kwanza huko kinaweza kufungwa huko hadi mwisho wa 2032. Marekani, kwa vitabu vingi vya nje vya wakati ule, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa: cha 1951 kinaweza kufungwa hadi mwisho wa 2046. Mtanzania anayehifadhi maandishi yetu kwenye seva ya Marekani anaweza kuamriwa kuyaondoa, ingawa hapa nyumbani hana kosa. Maktaba zetu zinahitaji seva iliyopo nchini. Na Zanzibar ina sheria yake ya 2003, kwa hiyo orodha yoyote ya waandishi ambao kazi zao ni huru itengenezwe pamoja na wenzetu wa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Kuhusu kunukuu, sheria inataka chanzo kitajwe na kiasi kisizidi kinachohitajika. Walimu wanauliza: kurasa ngapi? COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, itoe mifano: beti mbili kwenye mtihani, sura nzima kwenye kijitabu cha darasa, riwaya nzima kwenye kundi la WhatsApp. Huo wa mwisho hauhitaji mjadala: si kunukuu.

Jambo zito kuliko yote ni wazo la kuongeza ulinzi hadi miaka 70 baada ya kifo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unadai 50 tu. Kanada iliongeza mwishoni mwa 2022 kwa sababu ya mkataba wa biashara, na sasa hakuna mwandishi mpya atakayekuwa huru huko hadi 2043. Nani alifaidika? Kitabu kisichochapwa hakiwapi warithi hata senti, na vitabu vyetu vingi vya miaka ya 1960 havichapwi. Kifungu cha aina hiyo kikiletwa mezani kwenye mazungumzo ya biashara, tunaomba kikataliwe kabla ya kutiwa saini. Baadaye Bunge litabaki kupiga muhuri tu.

Orodha yenyewe haihitaji bajeti kubwa: jina, mwaka wa kifo, mwaka wa kuwa huru. Tunaomba ya kwanza itoke Januari 1 ijayo.

Wako katika kazi,
Wakutubi na wahariri wa vitabu vya Kiswahili, Dar es Salaam