Barua kwa mdogo wangu wa Lindi, kabla hajamkabidhi mpwa wangu kwa mwalimu wa karate

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi huku Mtwara hatujambo, na mama anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka nikuambie kipi kitamfaa mpwa wangu kati ya karate, judo na taekwondo, kwa kuwa hapo Lindi umeonyeshwa walimu wawili na kila mmoja anausifu mchezo wake. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu wazazi wa Shangani na Chikongola nao wameniuliza swali hilohilo, na kwa sababu kwetu Kusini mjomba hana ruhusa ya kukaa kimya jambo linapomhusu mtoto wa dada yake.

Suala la mchezo upi nitalipita haraka. Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, na mtoto hujifunza kumshika mwenzake, kumwangusha na kumbana chini. Karate ilitoka Okinawa na kuenea Japani bara katika miaka ya 1920, nayo ni ngumi, mateke na kukinga. Taekwondo ni ya Korea, na nguvu yake kubwa iko miguuni. Tofauti inayokuhusu wewe ni moja tu: judo haifundishiki bila mikeka minene, ilhali hizo nyingine mbili mtoto anaweza kuzianza hata kwenye uwanja wa shule. Mwalimu aliyekuambia kwamba karate itampeleka mtoto Olimpiki hakukueleza kwamba ilichezwa katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na Paris mwaka 2024 haikuwamo.

Mimi ningekuomba uanze na mtu, si mchezo. Kumbuka tulivyofanya mpwa wangu alipokwenda jandoni. Tuliuliza ngariba ni nani, ametoa watoto wa nani, na nani atakayelala nao kumbini, na mimi mwenyewe sikuondoka hadi nilipowaona wale watu kwa macho yangu. Sasa mtoto huyohuyo, aliyeulizwa habari zake nyumba kwa nyumba, tunataka kumkabidhi kwa mtu tuliyemfahamu kwa picha ya teke iliyobandikwa ukutani.

Naandika hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka kwenye darasa moja ambalo mlango wake ulifungwa mazoezi yalipoanza, na mwalimu alitueleza kwamba mzazi akitazama, mtoto hudeka. Nilimwamini, na nikiri kwamba nilifurahi, nikidhani nimepata mtu wa nidhamu. Mwezi wa tatu mtoto alirudi nyumbani ameushikilia mkono kifuani. Alikuwa ameangushwa kwenye sakafu ya saruji na kijana aliyemzidi uzito karibu mara mbili, na mtulinga ulikuwa umevunjika. Hospitalini ndipo nilipogundua kwamba katika miezi yote ile hakuwahi kufundishwa kuanguka. Lakini kilichoniuma kuliko mfupa ni kwamba watoto walikuwa wameagizwa wasisimulie nyumbani yanayotokea ndani. Na mkanda mweusi wa yule bwana haukuwa wa kughushi, aliupata kihalali kabisa.

Kwa hiyo nenda bila kumwarifu mwalimu, saa ya mazoezi, ukae pembeni. Usimtazame mtoto hodari anayeruka juu, kwa sababu huyo kila mwalimu anaye. Mtazame aliye dhaifu kuliko wote, mnene au mwoga, uone mwalimu anamfanyia nini anapokosea hatua ileile kwa mara ya nne. Tazama kama wanaopambana wamelinganishwa kwa uzito na umri. Kama kuna kuangushana, tazama kama wageni wanafundishwa kwanza kukunja kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, na kuipiga sakafu kwa mkono ulionyooka ili kishindo kisiishie mwilini. Tazama kama wanapewa nafasi ya kunywa maji, maana joto letu la Novemba unalijua, na wapo walimu wanaodhani kiu ni sehemu ya somo. Ukimkuta anayewavunjisha watoto vigae kwa ngumi ili wazazi wapige makofi, ondoka, kwa sababu mifupa ya mtoto wa miaka tisa bado inakua kwenye ncha zake.

Kuhusu mikanda, uliza mapema mtihani wa kupanda mkanda unafanyika mara ngapi na unalipiwa kiasi gani, kwa sababu ada ya mwezi inaweza kuwa ndogo na mitihani ikawa ndiyo duka lenyewe. Anayeahidi mkanda mweusi ndani ya mwaka mmoja anakuuzia kitambaa. Huko Korea kwenyewe, Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, humpa mtoto aliye chini ya miaka 15 anayefikia mkanda mweusi cheo cha poom, tofauti na dan ya wakubwa. Na tafadhali, usilipe ada ya mwaka mzima kwa sababu tu minada ya korosho imeanza na shemeji ana fedha mkononi.

Uliza pia kama klabu imesajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Afisa michezo wa manispaa anaweza kukusaidia kuthibitisha. Hata hivyo cheti hakilindi mtoto chumbani. Uliza ni mtu mzima gani mwingine anayekuwapo, na wakisafiri kwa mashindano watoto wanalala na nani. Mkaririshe mpwa wangu namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na umwambie kwamba siri ya mazoezini ambayo mama hapaswi kuijua haipo.

Kuhusu wale watoto wa shuleni ulioniandikia kwamba wanamnyang'anya madaftari: hakuna mchezo utakaomsaidia kabla ya miezi mingi, na mtoto mwenye wiki mbili za mateke anaweza kujitafutia kipigo kikubwa zaidi. Hilo lipeleke kwa mwalimu wa darasa wiki hii, usisubiri karate.

Sare usinunue bado. Mwezi wa kwanza fulana na suruali ya michezo zinamtosha, na mwalimu atakayekataa hilo atakuwa amekupunguzia kazi ya kuchagua. Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda basi la alfajiri, tukakae wote kwenye benchi la yule mwalimu wa pili. Usimwambie kwamba tunakuja.

Kaka yako,
Mtwara