Shukrani kwa dada ulieshuka Mwenge

Dada ulokaa pembeni yangu kwenye daladala juzi jioni, jina hata sikukuuliza, asante sana aisee. Mi nshajaza fomu nataka kubeba kozi tatu ngumu za hesabu, analisisi, aljebra dhahania na topolojia, semista moja, we ukacheka mpaka konda akageuka 😂 Ukanichorea nyuma ya karatasi, kalkulasi na linia aljebra ziive kwanza, nijifunze kuandika prufu (uthibitisho wa hesabu hatua kwa hatua), ndo analisisi ifate, topolojia baadae kabisa maana kama epsiloni na delta (zile alama za prufu za analisisi) zinakutoa jasho huko utalia tu. Na takwimu nisiidharau (nilikua naidharau kweli). Fomu nimebadilisha. Nilitaka nikulipie nauli ila ukashuka kabla sijaitoa hela mfukoni.