Barua ya wazi kwa Mkuu wa Polisi: naomba saa iandikwe ilivyo

Mheshimiwa Mkuu wa Polisi,

Nakuandikia kuhusu daftari. Ni lile linalokaa kaunta ya kila kituo, ambamo askari wa zamu huandika nani kaletwa, kaletwa na nani, saa ngapi na kwa kosa gani.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu alikamatwa saa mbili asubuhi. Saa nne nilikuwa kituoni. Afande wa zamu akaniambia mtu huyo hayupo. Nikasikia kikohozi kutoka nyuma, na kikohozi cha mdogo wangu nakijua tangu utotoni. Nikarudia kuuliza, nikaambiwa nitoke nje. Jioni, niliporuhusiwa kusogea kaunta, daftari lilikuwa wazi. Jina lake lilikuwa mstari wa mwisho, na mbele yake imeandikwa saa kumi na moja jioni. Alipoachiwa hakuweza kufunga vifungo vya shati lake. Vidole vilikuwa vimevimba. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba kitabu kinaonyesha alikuwa ndiyo kwanza ameletwa.

Masaa tisa, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa maandishi ya serikali, masaa hayo hakuwa mikononi mwa mtu yeyote.

Tangu siku hiyo, nikisikia hotuba kuhusu maadili ya polisi, nawaza mstari ule. Ukuta unaweza kupakwa rangi na sare zikabadilishwa, lakini mahabusu ambaye hajaandikwa anaweza kufanywa lolote. Rushwa nayo hupita mlango huohuo: asiyeandikwa anaweza kuuzwa kwa ndugu zake usiku na asubuhi isibaki alama. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1988 kuhusu watu walio kizuizini zinataka yaandikwe mambo haya: sababu ya kukamatwa, saa aliyokamatwa na saa aliyofikishwa mahabusu, askari waliohusika ni nani, na mahali anaposhikiliwa. Tena mwenyewe au wakili wake apewe kumbukumbu hizo.

Najua wako askari wanaoona haya mambo na roho zinawauma. Siku ile kijana mmoja mwenye sare alinipa maji bila kunitazama usoni. Sijui kama aliamriwa kunyamaza. Kama aliamriwa, angepaswa kufundishwa mapema kwamba Mkataba dhidi ya Mateso wa mwaka 1984 haukubali amri ya mkubwa iwe kisingizio cha kutesa, na kwamba Kanuni za Maadili za Umoja wa Mataifa za mwaka 1979 zinamtaka askari kuzuia uvunjaji wa kanuni hizo na kuuripoti. Lakini angemwambia nani? Mkuu wa kituo aliyetoa amri? Hapa ndipo unapohitajika wewe. Askari mdogo hawezi kuwa mwaminifu peke yake huku akijua kesho atahamishwa kituo kwa kusema kweli.

Mamlaka ya kumshika mtu na kumfungia ni yetu wananchi. Tumewakabidhi ninyi kwa sheria, na katika demokrasia mwenye mali ana haki ya kukagua. Kwa hiyo naomba daftari hilo liwe na kurasa zenye namba zisizoweza kuchanwa kimyakimya. Mahakimu na wakaguzi wasio wa jeshi lako wafike bila taarifa, walifungue, kisha waende mahabusu kuhesabu vichwa. Na ndugu anayefika kuuliza ajibiwe ukweli, hata kama jibu ni kwamba haruhusiwi kumwona bado.

Mdogo wangu hajataka kulipwa chochote. Shati lile bado analo. Anachotaka, nami pamoja naye, ni ukurasa wa siku ile usomwe na mchunguzi wa nje ya polisi, na aliyeandika ile saa aulizwe, mbele yetu, saa ilikuwa ngapi.

Wako katika kudai haki,
Dada wa aliyekamatwa