Mama, hii barua ina hesabu ndani

Mama shikamoo,

Mi mzima, baridi tu ndo inanitoa roho. Mdogo wangu akusomee polepole maana leo kuna hesabu humu na najua wewe na hesabu mlishaachana zamani.

Yule mzee mwenye nyumba hapa Brooklyn, si nilikwambia ni Myahudi, kafundisha mantiki ya hesabu mpaka kastaafu? Basi juzi naosha vyombo redio inapiga roki, ule wimbo wa Rolling Stones wa 1965, Satisfaction, jamaa analia eti haridhiki. Mzee akafunga bomba akaniambia sikiliza vizuri, huyu kakanusha mara mbili, ukiyachukua maneno yake kama yalivyo anasema hawezi kukosa kuridhika, haya, hasi mara hasi inakuwa nini? Nikasema chanya, ndo tulivyochapwa viboko tukajua. Akasema eeh, kwa hiyo jamaa karidhika kabisa na bado analalamika dakika tatu nzima, huyo lazima mama yake ni wa kwetu! Akacheka mpaka miwani ikadumbukia kwenye sinki.

Hakuishia hapo. Kuna wimbo wa 1924, huo jazi sio roki, mwimbaji anajisifu kila mtu anampenda mpenzi wake ila mpenzi hampendi yeyote isipokuwa yeye tu. Mzee akachukua kalamu akaandika nyuma ya bili ya umeme: kila mtu anampenda mpenzi, mpenzi naye ni mtu, kwa hiyo anajipenda mwenyewe. Lakini si tumeambiwa hampendi yeyote isipokuwa mwimbaji? Basi mpenzi ndo huyohuyo mwimbaji! "Anatuimbia miaka yote hiyo," akasema, "kumbe anaishi peke yake." Nimekaa na ile bili natafuta kosa mpaka chai ikapoa, sijaliona.

Halafu akanipa ya Morgenbesser, aliyekuwa mwalimu wa falsafa pale chuo cha Columbia, hapahapa New York, mtu aliyesomea urabi kabla. Wanasimulia Austin, mwanafalsafa wa Oxford kule Uingereza, alikuwa anatoa mhadhara, akasema hasi mbili zinaleta chanya ila hakuna lugha ambayo chanya mbili zinaleta hasi. Morgenbesser akajibu kutoka kwenye viti, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Yeah, yeah." Yaani ndiyo, ndiyo, ila ukiisikia unajua ni hapana.

Mzee akaniuliza, kiswahili chenu je? Mama wala sikufikiri, nikasikia sauti yako kwenye simu kila nikikwambia mwisho wa mwezi natuma: "Haya mwanangu, haya." Nikamwigizia na ile ya puani. Alishika meza.

Tatizo sasa kaishika. Jana nimemwambia kodi ataipata Ijumaa kabla jua halijazama, sabato yake isiingie na deni langu, akaniangalia juu ya miwani, "Haya mwanangu, haya," na lafudhi yake ile.

Wasalimie wote. Mwisho wa mwezi natuma mama, safari hii kweli. Nakusikia mpaka huku.

Mwanao