Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa: Tupatiwe Pa Kutembea

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Mji wa Kale.

Mama yangu ana umri wa miaka 68 na anaugua kisukari. Mwaka jana daktari alimshauri atembee nusu saa kila siku, naye akaanza kesho yake, mara tu baada ya swala ya alfajiri. Siku ya nne alikanyaga ukingo wa mtaro uliokosa kifuniko, akaanguka, akachubuka goti na viganja vyote viwili. Tangu hapo anatembea ndani ya nyumba: huanzia mlango wa mbele, akapita ukumbini hadi ukuta wa ua, akageuka na kurudi, tasbihi mkononi, kila mzunguko punje moja, mpaka zitimie thelathini na tatu. Mimi huwa jikoni nikisikia ndara zake sakafuni, na roho huniuma, kwa kuwa bahari iko karibu na upepo wake haumfikii.

Ninachotaka kukueleza, Mheshimiwa, ni kwamba watu wa Mombasa hawajakosa kuhimizwa. Tumehimizwa redioni, misikitini, makanisani na kwenye foleni za zahanati. Tulichokosa ni mahali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku, na wazee waongeze, angalau siku 3 kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha miguu na mizani ya mwili ili wasianguke. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine wala ada. Yote yanahitaji ardhi iliyo sawa, kivuli na taa.

Bustani ya Mama Ngina, tangu ilipokarabatiwa, imetuonyesha jambo hilo waziwazi. Nenda jioni uone vijana wakikimbia kando ya bahari, na akina mama waliovaa buibui na raba wakitembea wawili wawili chini ya mibuyu. Hakuna aliyewalazimisha. Lakini mkazi wa Mikindani au Changamwe hulazimika kulipa nauli ya matatu ili aje kutembea, na wa Likoni huvuka kwa feri kwanza. Mtu wa kipato cha kibarua hawezi kulifanya hilo kila siku.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti huduma za afya, na vilevile bustani, fuo na viwanja vya burudani. Mkono unaotoa dawa za presha na sukari ndio huohuo unaoweza kufunika mtaro na kupanda mwarobaini kando ya njia, na kwa maoni yangu fedha za haya mawili zingepaswa kupangwa mezani pamoja.

Ombi langu la kwanza ni dogo. Kigali, tangu mwaka 2016, hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili asubuhi, watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli, na papo hapo hupimwa presha na sukari. Nasi tufungiwe Moi Avenue kuanzia Pembe za Ndovu, tuendelee na Nkrumah Road hadi Fort Jesus, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, huku waumini wa makanisa yaliyo njiani wakiachiwa njia ya kupitisha magari yao. Saa hizo jua halijawa kali, hata msimu wa kaskazi.

La pili ni la wanawake. Wengi wetu tungependa kukimbia na kuruka kamba, lakini hatuko tayari kufanya hivyo mbele ya macho ya kila apitaye, na sioni kwamba stara yetu iwe sababu ya kukosa afya. Tutengewe saa mbili kwa wiki katika kiwanja chenye ukuta, na msimamizi awe mwanamke.

Tatu, viwanja vya shule za umma vifunguliwe kwa watoto wa mtaa Jumamosi. Watoto wetu hucheza mpira vichochoroni, wakisimama kila mara kupisha tuktuk na bodaboda.

Naomba tujaribu Jumapili moja tu. Nimemsomea mama barua hii naye amekubali kuja. Ameniagiza tu niulize kama njiani kutakuwa na mabenchi ya kupumzikia.

Wasalaam,
Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa